Shingo Iliyojaa

...na shingo ikijaa ndiyo afya, nani hajui, hata mama mkwe alipomsifu Ngalula siku za uchumba alianzia shingoni, ile mikunjo miwili, kwa hiyo Symphorien anazungusha futi ya kupimia, pini nne kati ya midomo, anasoma sentimita thelathini na nane, anarudia, thelathini na nane ile ile, na Krismasi ilikuwa thelathini na nne, yeye fundi aliyejifunza kukata kola kwa kufumua shati kuukuu za Wazungu, hakufundishwa na mtu, mwili akiupima ameujua, amenenepa mke wangu, dawa ya huzuni inamfaa, libaya hili la maua, blauzi anayomshonea, ndilo litamtoa kwenye nguo nyeusi ya kilio... na pale mlangoni Clément, muuguzi, aliyefuata suruali yake, anapiga domo tu, «Mukubwa, hii suruali ulikata ya nani, miye niko tembo?», kisha kicheko kinamkatikia, anamtazama Ngalula, anasogea, «Mama, meza mate kidogo», Ngalula anameza, na chini ya futi, chini ya vidole vya Symphorien mwenyewe, kitu kinapanda na kushuka, kigumu, si mafuta hicho, mafuta hayapandi... «Huyu ni wa tatu», anasema Clément, «bote banakunywa ile dawa ya huzuni, shingo inavimba, baridi, sauti inakauka, nywele inatoka, na huzuni inarudia palepale», na Symphorien anataka kumfokea, wewe unajua nini, wewe mfunga vidonda, lakini baridi, eeh, baridi, mwezi wa tatu, joto bado kali, Ngalula alijifunika blanketi mbili, yeye Symphorien akamwambia acha madeko, na kile kitana kilichojaa nywele, na sauti, alipoimba kanisani watu wakageuka kumtafuta mwanaume, na usingizi, saa nne asubuhi hajawasha makaa, yeye akapandwa na hasira, «Unalala kama gunia! Claudine alikuwa mutoto wangu pia!», maana Claudine wao alikufa mwezi wa tisa, bomu lilipoangukia bombani walikokuwa wanachota maji, na daktari aliyeandika vile vidonge, kimoja kila asubuhi, na kila mwezi mumlete nimwone, alipanda ndege mwezi wa kumi na mbili vita viliporudi, chupa zikabaki, macho ya kumwangalia hayakubaki, na Symphorien aliona gunia lile limelala akasema kimoja hakitoshi, huzuni yake ni kubwa kuliko kidonge, akaweka viwili, kwa mkono wake, juu ya ulimi wa mke wake, kila asubuhi tangu Pasaka, na shingo ilipozidi alimshukuru Mungu... «Dokta aliandika moja», Clément anauliza, «mama iko nakunywa ngapi?», na hapa ni pa kusema, yeye ambaye mtaa mzima unamjua, yeye aliyemwambia askari usoni rudi na kitambaa kizuri hiki ni takataka, Symphorien hafichi, Symphorien anapasua ukweli, ni kutema pini tu, pini nne, aseme ni mimi... «Mbili», anajibu Ngalula kwa ile sauti ya mchanga, bila kumtazama mumewe, «ni miye mwenyewe niliongeza», na Clément anapiga kofi paja lake, «Weye mama, uko mutoto? Dawa ni karanga? Nani sasa atakuangalia, hata damu ya kupima hakuna mwenye kuipima!», na Ngalula ameinamisha kichwa kadiri shingo inavyomruhusu, anakaripiwa, anakubali, eeh, eeh, nilikosa, na Symphorien anangoja mdomo wake ufunguke, anaungoja kama anavyongoja mteja aliyechelewa, haufunguki, na kabla hajajua anafanya nini anaona kichwa chake kinatikisika taratibu, kinamuunga mkono Clément, kama mume mvumilivu mwenye mke mkaidi.