Kikapu Ambacho Hakijakamilika

Jumapili asubuhi fundi friji aliazima pampu ya baiskeli kwa jirani, akajaza upepo magurudumu ya kiti cha mama yake. Gurudumu la kushoto lilikuwa linavuja polepole, kwa hiyo alilijaza likawa gumu kama jiwe, ili liwafikishe makumbusho na kuwarudisha. Jikoni mke wake alikuwa anafunga mikate na mayai ya kuchemsha. Binti yao, waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa anamvisha viatu mdogo wake Bonge, na Bonge alikuwa anavivua.

Bibi yao alikuwa amekaa mlangoni na mkoba mapajani. Alikuwa amevaa tangu wengine wako usingizini.

"Mama, hawajafungua bado," fundi alisema.

"Tutangoja mlangoni."

"Jua litakuchoma."

"Mwanangu, mimi nimengoja tangu sijaota meno, na sasa yameshang'oka. Nisukume twende."

Daktari alikuwa amemwambia Bibi kwamba moyo wake umechoka na ngazi hazimfai tena. Makumbusho yalikuwa na ngazi nyingi, pana, za mawe. Bibi alimsikiliza daktari vizuri, akamshukuru, akarudi nyumbani na kutangaza kwamba ataenda mara moja tu, ya mwisho, na kwamba safari hii atarudi na mama yake. Fundi alitoa mafriji mabovu katika chumba cha nyuma, akayapanga uani. Mke wake alinunua godoro na kutundika pazia. Chiriku alichora ua, akalibandika ukutani upande wa mto wa kulalia, ili mgeni akigeuka alione.

Mama yake Bibi alikuwa kwenye chumba cha vikapu, ndani ya kabati la kioo lililo karibu na dirisha. Alifika hapo pamoja na kikapu. Zamani watu wa makumbusho walipita na gari kukusanya vitu, wakamkuta uani anasuka. Walikuwa na vikapu vizima vya kutosha, wakasema wanataka kimoja kilicho njiani, ili wageni waone kazi inavyokwenda. Aliwaambia wasubiri amalize. Wao walikuwa na haraka. Walikibeba kikapu, na kwa kuwa yeye alikuwa ameshika chane za ukindu katikati ya mzunguko, na msusi hawezi kuachia katikati ya mzunguko, walimbeba naye. Mtoto wake alikuwa amelala kivulini juu ya kitambaa. Alidhani atarudi kabla mtoto hajaamka.

Mtoto huyo alilelewa na mama yake mkubwa, akaolewa, akazaa, akazeeka. Ndani ya kioo hakuna anayezeeka. Familia ilimwita msusi huyo Bi Mkubwa, ingawa kwa sura alikuwa mdogo kuliko mke wa fundi, na mke wa fundi alipenda kutania kwamba ni aibu kumwamkia mtu ambaye angeweza kumwazima blauzi.

Walikuwa wakimtembelea kila walipopata nafasi. Walisimama mbele ya kabati, wakamwonyesha watoto, meno mapya ya Bonge, cheti cha Chiriku. Kioo kilikuwa kinene na sauti haikupita, ila kila mara Bi Mkubwa aliinua kikapu na kuwaonyesha kilipofika, kisha akasema kwa midomo, "Bado kidogo." Kilikuwa kimebakiza ukingo tu. Kila walipokuja kilikuwa kimebakiza ukingo tu. Walidhani ni mtu wa taratibu, na Bibi alikuwa akisema kwamba huo utaratibu hata yeye ameurithi.

Siku hiyo walikuwa wa kwanza kuingia. Fundi na mlinzi walikibeba kiti na Bibi juu yake, ngazi kwa ngazi, na mlinzi alisema Bibi ni mwepesi kama karatasi. Walipofika chumba cha vikapu walikuta kabati liko wazi. Mhifadhi, msichana mpole mwenye glavu nyeupe, alikuwa amepiga magoti ndani, anafumua ukingo wa kikapu. Bi Mkubwa alikuwa amemshikia upande wa pili, kama mtu anayemsaidia mwenzake kukunja shuka. Chane zilizofumuliwa ziliwekwa juu ya trei, zikanyooshwa, zikarudishwa mapajani mwake. Kisha mhifadhi alitoka, akafunga kabati kwa ufunguo, na Bi Mkubwa akaanza upya ukingo.

Bonge alivua kiatu kimoja.

"Unafanya hivyo kila siku?" Bibi aliuliza.

"Kila asubuhi, bibi," mhifadhi alijibu, akivua glavu. "Kufikia jioni anakuwa karibu amalize. Ana mikono myepesi sana."

"Na kwa nini unafumua?"

Mhifadhi alionyesha kibao kilichobandikwa chini ya kabati. Walikuwa wamekiona mara nyingi. Kiliandikwa: *Kikapu na msusi wake. Hakijakamilika.* Chiriku alipokuwa mdogo alisoma neno msusi, akauliza mbona hana saluni, na wakacheka mpaka wakaombwa kutoka nje.

"Kikikamilika," mhifadhi alisema kwa huzuni ya kweli, "kibao kitakuwa kinasema uongo."

Chiriku alikwenda kugonga kioo. Mlinzi aliyekuwa bado anafuta jasho alimwita.

"Usigonge, mtoto. Kitashtuka."

"Nani?"

"Kielelezo."

"Basi sema atashtuka."

"Kielelezo, kitashtuka," mlinzi alisema kwa subira.

"Mwalimu wetu amesema mtu ni a, hata kama jina lake linaanza na ki. Kiongozi amekuja. Kiziwi amesikia."

"Kiziwi amesikiaje?"

Bonge aliangua kicheko. Chiriku alisema huo ni mfano tu wa ubaoni, na kwamba hata kinyozi ni ki, lakini hakuna anayesema kinyozi kimeninyoa.

Mkuu wa jumba alifika kwa ajili ya sauti hizo. Jumapili alipenda kuzunguka vyumbani na kusalimia familia. Alimwamkia Bibi kwa heshima, akamshika Bonge kichwa, akamsikiliza fundi mpaka mwisho.

"Huyu ni bibi yangu," fundi alimaliza. "Tumekuja kumchukua. Mwacheni asuke leo na kesho bila kufumua, amalize kazi yake, twende naye nyumbani. Kikapu bakini nacho."

"Sikatai kwamba ni bibi yako, fundi," mkuu wa jumba alisema. "Mnafanana hata masikio. Lakini kinachotoka hapa sharti kiwe kimekamilika, na hiki kimepokelewa kama ambacho hakijakamilika."

"Amechoka," Chiriku alisema.

"Kimechoka," mlinzi alimrekebisha kwa sauti ya chini.

"Mwache," mkuu wa jumba alimwambia mlinzi. Alichuchumaa mbele ya Chiriku ili waonane macho. "Kwa upande wa shule, binti, uko sahihi kabisa. Lakini sisi hapa tukisema amechoka, itabidi apumzike. Tukisema ana njaa, itabidi ale. Tukisema anataka kwenda kwao, tutasemaje tena? Tukisema ki, hayo yote hayaji. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," Chiriku alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Badilisheni kibao," mke wa fundi alisema. "Ni maneno matano tu hayo. Mimi mwenyewe nitayaandika."

"Kibao nilikikuta, mama. Aliyekiandika alikikuta kikapu. Kila mtu hapa amekuta."

Kwa dakika chache watu wazima walibishana bila kupandishiana sauti. Fundi alisema maneno aliyokuwa ameyaandaa tangu juzi, akayarudia, na mara ya pili yalikuwa na nguvu ndogo. Bibi hakuwasikiliza. Alikuwa amesogeza kiti chake kwa mikono mpaka magurudumu yakagusa kabati. Bi Mkubwa aliinua kikapu akakionyesha. Ukingo ulikuwa na vidole viwili vya kazi mpya.

"Bado kidogo," midomo yake ilisema.

"Nimeona, mama," Bibi alisema. Kisha aligeuka. "Nifungulieni niingie."

"Mama!" fundi alisema.

"Ngazi zile sizipandi tena. Unataka nikakae kwenye godoro la mtu ambaye hatakuja?"

Mkuu wa jumba alimtazama. "Bibi, wewe unahusiana vipi na kikapu?"

"Mimi nilikuwa hapo. Siku ile nilikuwa nimelala pembeni, kivulini, hatua mbili kutoka kwenye kikapu."

"Ulikuwa sehemu ya tukio la usukaji?"

"Alikuwa ananitazama kila akimaliza mzunguko."

Mkuu wa jumba alivuta pumzi ndefu, na uso wake ukatulia kama wa mtu aliyepata miwani yake. "Kwa hiyo wewe ulisahaulika wakati wa kukusanya."

"Nilisahaulika," Bibi alisema.

"Pole sana. Hilo kosa ni letu." Aliinamisha kichwa. "Na hilo linarekebishika."

Mhifadhi alivaa tena glavu, akafungua kabati. Fundi alisimama mbele ya kiti cha mama yake, akashika mikono yote miwili ya kiti, akakataa kumwachia. Alikuwa mwanamume mkubwa, aliyezoea kubeba friji peke yake, na hakuna aliyejaribu kumwondoa. Mama yake alimpapasa mkono.

"Wewe umelelewa na mama yako," alimwambia. "Na mimi niache nilelewe kidogo."

Fundi alimnyanyua mwenyewe. Alimpitisha kwenye mlango wa kioo jinsi anavyopitisha vitu vya watu, bila kumgusisha popote, akamweka sakafuni juu ya ukindu, karibu na goti la Bi Mkubwa. Mlango ukiwa wazi waliisikia kwa mara ya kwanza sauti ya chane zikivutwa, na harufu ya majani makavu ilitoka kabatini.

Bi Mkubwa hakuinua macho, kwa sababu alikuwa katikati ya mzunguko. Alipeleka mkono mmoja pembeni, chini, akitafuta kama mama anavyotafuta kitandani gizani. Mkono ulikuta bega, ukapanda shingoni, ukakuta mashavu yenye makunyanzi, ukatua kwenye paji la uso kupima joto.

"Umeamka?" alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, yenye uchovu mdogo.

"Nimeamka, mama."

"Umelia?"

"Kidogo tu."

"Bado kidogo," Bi Mkubwa alisema, na mhifadhi akafunga mlango.

Walikula mikate na mayai kwenye benchi la nje, kwa sababu watoto walikuwa na njaa. Kisha fundi alisukuma kiti kitupu mpaka nyumbani, na Bonge alipopanda juu yake hakuna aliyemwambia ashuke. Jioni fundi alirudisha mafriji kwenye chumba cha nyuma. Yale yaliyokuwa makubwa zaidi aliyaacha uani; mgongo unauma, alisema.

Kibao ambacho hakikuweza kubadilishwa kilibadilishwa katika wiki hiyo hiyo. Sasa kinasema: *Kikapu, msusi na mtoto. Havijakamilika.* Kimeandikwa kwa herufi nzuri, na mkuu wa jumba mwenyewe aliwapigia simu kuwauliza kama wameridhika na neno mtoto.

Moyo wa Bibi haujasimama, kwa kuwa ndani ya kioo hakuna kinachosogea mbele wala nyuma. Familia huenda kila Jumapili. Chiriku amefundishwa shuleni kwamba barua ya malalamiko huandikwa kwa lugha ya adabu, na ameshaandika kadhaa. Katika kila moja amesema *wao* na *wamechoka*, na kila moja imejibiwa kwa adabu, kwa *vi*. Ameniambia mimi, jirani yao wa pampu, kwamba ataendelea, na kwa kuwa namjua, nasadiki.

Wakienda jioni, kabla ya kufungwa, wanakuta jambo ambalo zamani halikuwepo. Bi Mkubwa huwa amekiweka kikapu chini. Binti yake amekaa kati ya magoti yake, macho amefumba, na yeye anamsuka nywele, zile nyeupe, nyembamba, mistari iliyonyooka kutoka paji la uso hadi kisogoni. Hufanya kazi hiyo bila haraka. Kufikia saa ya kengele huwa amebakiza mstari mmoja nyuma ya sikio, na Bibi, akiwaona wanawe kwenye kioo, hugeuza kichwa huku na huku wamwone alivyopendeza.

Wakienda asubuhi, wanamkuta mhifadhi amepiga magoti ndani ya kabati. Maagizo yake yanasema kila kilichosukwa kifumuliwe, na yeye ni mfanyakazi mwangalifu. Anaanza na kikapu, kisha anahamia kwenye kichwa. Anafumua kwa ncha za vidole, taratibu sana, na kila anapofika penye fundo anasema pole. Bi Mkubwa anamshikia binti yake kidevu asitikisike. Nywele zikishaachia zote, mhifadhi anatoka, ufunguo unazunguka, chumba kinajaa familia zilizoleta watoto, na mama anamvuta mtoto wake karibu, anatafuta njia kwa kidole, anaanza upande wa kulia.