Mashua Iliyochaguliwa kama Ng'ombe

Mzazi unayempenda mwanao kupita kiasi, kaa hapa kidogo usikie ya Efrazia.

Efrazia ni mjane wa mtaa wa Yoba, hapa Gitega. Alikulia ukimbizini Tanzania, akarudi na mtoto mmoja mgongoni, na mtoto huyo, Eliud, ndiye roho yake. Eliud akichelewa kazini, mama yuko njiani anasubiri. Akikohoa mara mbili, majani ya dawa yanachemka jikoni. Majirani walimcheka: "Mama Eliud, huyo ana ndevu sasa!" Naye akawajibu, "Ndevu hazizuii kifo."

Eliud alijifunza useremala kwa Mzee Damiano, kule Mushasha. Mzee huyo ujana wake wote aliumaliza Bujumbura akitengeneza mashua za matanga. Alipozeeka akapanda mlimani na ufundi wake, na kwa miaka tisa akajenga mbili zake mwenyewe kwenye kibanda nyuma ya nyumba, watu wakimwona kichaa. Moja mita tano, nyingine mita nane. Zote za kusafiria: unalala ndani, unapika ndani, unakaa ziwani siku tatu. Macho yalipoanza kumwacha, naye hana mtoto, akawaita wanafunzi wake wawili, Eliud na Amissi wa Muyinga. Akasema atawagabia mashua, yaani atawapa ziwe zao, kama watu wanavyogabiana ng'ombe. Eliud ndiye mkubwa, achague kwanza.

Sasa, kwetu anayegabiwa ng'ombe hasemi neno. Anasimama kimya, mzazi wake ndiye anayenena na kupokea. Na kilichokwisha kupokelewa hakibadilishwi. Ukikibadilisha umemtukana aliyetoa.

Asubuhi hiyo, njiani, Eliud alimwambia mama yake wazi: "Mama, sema ile ndogo. Tutafanyia kazi ziwa Rweru, kule Muyinga, kutembeza wageni. Rweru halina kina, na kando yote ni mafunjo na tope. Ndogo ina ubao chini, unauvuta kwa kamba unapanda. Kubwa ina mkuku, uti wa chuma chini ya tumbo, unaonifika kiunoni, na haupandi."

"Nimesikia," akasema Efrazia. Alisikia kweli. Lakini hofu ina masikio yake.

Walipofika kibandani, akazizunguka mashua zile kama yuko mnadani. Akapiga tumbo la hii, akapiga tumbo la ile. Akaisukuma ndogo kwa kiganja. Ikatikisika juu ya magogo yake. Akaisukuma kubwa, kimya, kama ukuta wa kanisa.

"Hii mimi mwanamke naitikisa kwa mkono mmoja," akasema. "Mawimbi yataifanyaje?"

"Mama, usipime kwa kusukuma," Mzee Damiano akamwambia taratibu. "Majini kuna mambo mengine."

"Mzee wangu, ng'ombe mwenye tumbo pana ndiye anayevuka kiangazi!"

Watu waliokuja kushuhudia wakacheka, wakapiga makofi. Eliud akakohoa, akamvuta nguo kwa nyuma. Mama akausukuma mkono wake, akapiga goti, akanyoosha mikono miwili. "Tumepokea ile kubwa. Mungu akuzidishie."

Ikawa imekwisha. Hidaya, mama yake Amissi, akajitokeza na mtandio wake akicheka: "Haya, sisi tunachukua kambuzi yetu. Aksanti sana, muzee!"

Mashua zikapakiwa kwenye lori, zikapitia Karuzi hadi Muyinga, zikashushwa Rweru. Miezi ya mvua mambo yalikwenda. Efrazia kila Jumapili alisimulia kanisani kwamba mwanawe analala majini kama yuko chumbani. Hakujua kwamba mwanawe kila wiki alikuwa anashuka kwenye tope kuisukuma nyumba hiyo.

Mwezi wa saba maji yakapungua. Siku moja, wageni wanne ndani, mkuku ukazama kwenye tope mbali na ukingo. Eliud akashuka, maji kifuani, akaweka bega. Upepo ukalijaza tanga, mashua ikalala upande, na ule uzito wote aliousifu mama yake ukamkalia mguuni. Amissi alikuwa karibu, kwenye ile ndogo. Akauvuta ubao wake juu, akateleza juu ya tope lile lile, akakizuia kichwa cha mwenzake kisizame mpaka wavuvi walipofika na kamba.

Efrazia alipofika hospitali ya Muyinga, Hidaya alimpokea mlangoni. "Mama Eliud, usipige kelele, iko na usingizi. Mutoto iko muzima. Mguu tu, madaktari wameukata. Ule wa kushoto."

Eliud alipoamka, mama alikuwa ameshika shuka. "Mwanangu, nilitaka usife."

"Sijafa," akasema, akageukia ukuta.

Akakaa kwa Hidaya miezi, akishona matanga. Kila mama alipokuja na kikapu cha maharage, alimsalimu kwa heshima, "Shikamoo mama," basi. Mara ya nne Efrazia akasema, "Turudi Yoba. Chumba chako nimekipaka chokaa."

"Umekichagua wewe, mama. Kilalie wewe."

Asubuhi iliyofuata Efrazia aliwafuata Eliud na Amissi mpaka ziwani. Amissi alimbeba Eliud mgongoni, akamweka nyuma kwenye ile mashua ndogo, penye usukani. Ikatikisika. Efrazia akaingia majini na viatu vyake, akashika ubavu wa mashua kwa mikono miwili.

"Eliud, usiende. Nakuomba. Hii itakupindukia."

Amissi akashika kamba ya tanga. Eliud hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma mama kuliko yote. Aliinama, akavibandua vidole vya mama kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayetoa kupe kwenye ngozi ya mnyama.

"Kaa nchi kavu, mama," akasema. Kisha, kwa mwenzake: "Pandisha tanga."