Bwawa la Mita Moja

Kina mama wenzangu, mimi ni fundi cherehani, nimeishia darasa la saba. Nayaandika haya kabla shule hazijafungwa na watoto hawajaanza kudai kupelekwa kwenye ile bustani ya maji.

Nilikwenda kama mzazi msindikizaji wa darasa. Kitinda mimba wangu wiki nzima wimbo wake ulikuwa bomba la kuteleza. Langoni watoto walipimwa kwa fimbo: aliyefika mita moja na ishirini anapita. Wangu alipita kwa sentimita mbili tu. Nilijua atapita, maana sare zake nashona mwenyewe.

Aliyetutembeza alikuwa na kipaza sauti shingoni, watoto wakambatiza Kipaza palepale.

"Hapa palikuwa machimbo ya mawe," akaanza. "Mawe yakaisha, mvua ikajaza shimo, watu wakawa wanakuja kufua. Mwenye eneo akamwaga kifusi, akasakafia, akapata bwawa hili. Baadaye likaja bwawa la mawimbi, lile kule. Na mwaka huu, bomba refu kuliko yote mkoani!"

Watoto wakapiga kelele.

"Ila lilikuwa linaishia juu mno ya bwawa hili, ikabidi tupandishe maji."

Neno hilo likanichoma kama sindano. Ukutani pameandikwa MITA 1, rangi imepauka. Chini ya maandishi, ndani kabisa ya maji, nikaona mstari wa uchafu pale maji ya zamani yalipokuwa yanaishia.

"Baba, hii namba iliandikwa lini?"

"Hiyo ipo tangu bwawa lizaliwe, mama."

"Na maji mmepandisha mwaka huu."

"Kidogo tu. Ondoa wasiwasi."

Wasiwasi hauondoki kwa kufukuzwa kwa mdomo. Nikatoa futi yangu ya kupimia mkobani, nikafunga mkasi mwishoni uwe uzito, nikapiga magoti ukingoni.

"Jamani, bwawa nalo linashonewa sketi!" Kipaza akatangaza. Watoto wakavunjika mbavu. Mwalimu wao akanigusa bega. "Mama, tafadhali, wanakuona."

"Waache wanione."

Futi ya fundi ina sentimita mia na hamsini. Ilizama yote. Kiganja changu nacho kikaingia majini, ndipo mkasi ukagusa sakafu.

Nikainua kichwa. Juu ya ngazi, wa kwanza kwenye foleni, kitinda mimba wangu alikuwa ameshakaa mdomoni mwa bomba, ananipungia mkono.

Sikumbuki nilivyokipokonya kile kipaza. "Asishuke mtu! We mtoto, toka hapo! Toka!"

Mwokoaji akaja mbio, baba mrefu kama mlingoti. "Mama, tulia, mimi nipo. Kila mtoto akitua namvuta."

"Kila mtoto?"

"Kila mmoja. Watoto wa siku hizi waoga wa maji, hawataki kusimama."

"Hebu simama wewe."

Akacheka, akashuka, akasimama. Maji yakamfika kidevuni. Akaitazama ile MITA 1, halafu akanitazama mimi, na kicheko kikamwisha.

"Shule sita wiki hii," akasema polepole. "Na leo mwenzangu yupo likizo, niko peke yangu."

Kipaza akaenda kutafuta kamba.

Bomba likafungwa kwa kamba. Watoto wakapelekwa kwenye mawimbi yanayoishia magotini, wananung'unika njia nzima. Kwenye basi wangu alikaa kiti cha nyuma, kanipa mgongo.

"Umeniaibisha, mama. Darasa zima."

"Najua, mwanangu."

Mpaka leo kaninunia, hata chakula anakula kimya. Na anune, mtoto wa kununa ninaye.

Nasikia kamba imeshafunguliwa. Kama namba wameibadilisha au wameipaka rangi tu ing'ae, sijui. Mkienda, msiulize kina ni kiasi gani. Ulizeni kilipimwa lini, kisha pimeni wenyewe, hata mkichekwa.