Friji la Meja Didas

Maji yalikuwa yameingia tena chumbani, na safari hii yalikuja na kila kitu ambacho majirani wa juu walikuwa wamekitoa matumboni mwao wiki ile. Bi Hamisa aliyachota kwa kopo la rangi, akayamwaga nje ya mlango. Yakarudi, akayachota tena. Kiwalani mvua ikinyesha, wenye vyoo vya juu huyafungulia mashimo yao yajiendee, na waliojenga bondeni hupokea. Harufu alikwisha kuizoea. Kilichomtia kinyaa ni kwamba maji yenyewe yalikuwa na uvuguvugu.

Juu ya kitanda, mahali pekee palipokuwa pakavu, alikuwa ameweka vitu viwili: beseni la ubuyu aliokwisha kuufunga kwenye vifuko vya plastiki, na shati la mwanawe Twaha.

Beseni lilimlisha. Kila siku alilipeleka kwenye grosari ya Meja Didas, mwanajeshi mstaafu, ambaye alimruhusu agandishe barafu zake bure katika friji la zamani lililokaa uani, nyuma ya makreti ya bia. "Huyu ni mama wa shujaa, jamani," Meja huwaambia wanywaji wake, kwa sauti inayofika mpaka barabarani. Lilikuwa friji jeupe, zito, lenye tobo karibu na kishikio cha mlango. Tobo limezibwa kwa kipande cha kandambili. Mlango wake haufungi mpaka usukumwe kwa goti. Na kila Idi Meja alimpelekea Bi Hamisa mchele na kanga, naye Bi Hamisa akamwombea dua za kheri na umri mrefu.

Shati ndilo lililobaki. Twaha aliliacha kwenye msumari alipokwenda vita vya Kagera, mwaka wa sabini na nane. Hakurudi. Ilirudi habari kwamba amefia Uganda, ikaishia hapo. Hitima ilisomwa, lakini watani hawakuja. Mzaramo akifa, mtani wake Mnyamwezi huingia kaburini akazuia udongo usishuke mpaka apewe chake. Huvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akayasema yale ambayo ndugu wote wameyameza, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Sasa kaburi lenyewe lilikuwa wapi? Bi Hamisa alizeeka na kiu ya jambo moja tu: kujua mwanawe alikufa vipi.

Na aliyejua alikuwa akikaa nyumba ya tatu. Mashaka, Mnyamwezi wa Tabora, alikuwa kikosi kimoja na Twaha; walianza kutukanana kiutani tangu depo, kwenye mafunzo ya jeshi. Vita vilimrudisha na mguu mmoja mfupi, siku hizi analinda yadi ya makontena Kurasini. Kila alipoulizwa alijibu, "Alikufa kishujaa, mama," kisha akaaga.

Maji yalipokauka, ukaja mradi. Ulikuja na gari jeupe lililoandikwa ubavuni Kumbukumbu za Mashujaa, fedha za wafadhili, na kijana wa Bukoba aitwaye Revelian aliyebeba kinasa sauti begani. Mwenyekiti wa kamati ya mradi alikuwa nani? Meja Didas, bila shaka. Uani kwa Bi Hamisa alikalia kiti pekee cha nyumba ile, akatanua miguu. Bi Hamisa alikaa chini, kwenye mkeka ambao bado ulikuwa unanuka.

"Shikamoo mama," alisema Revelian.

"Marahaba, baba."

"Tunataka kumbukumbu zenu zisipotee. Tutazihifadhi, na redioni zitatoka."

"Sema tu ulivyoona fahari, mama," Meja alimwelekeza. "Mwana kujitolea kwa ajili ya taifa. Halafu useme kamati inavyokutunza. Ila usilielie, mashine inakwaruza."

"Mie sikuwepo huko, Meja. Mie nataka kusikia. Aseme Mashaka."

Mashaka alikuwa ameegemea ukuta. Alimtazama Meja, akatazama chini. "Niliambiwa ninyamaze, nikanyamaza," alisema. "Kwa maneno ya kawaida siwezi, mama. Lakini mie mtani wake. Una nguo yake yoyote? Leo nimzike."

Raudha, fundi cherehani wa nyumba ya pili aliyekuja kutazama wageni, alipiga kigelegele. Wanawake wengine wakaingia uani wakiitana. Bi Hamisa alileta shati kwa mikono miwili.

Lilimbana, vifungo havikukutana. Lakini Mashaka alipoanza kutembea, bega moja mbele, kidevu juu kama mtu anayetafuta wa kugombana naye, uani pale aliingia Twaha.

"We mama! Ubwabwa hauivi tu? Au umeshampelekea mganga wako?"

Wanawake waliangua kicheko. Raudha aliegemea ukuta asianguke. Bi Hamisa alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga, maana ndivyo mwanawe alivyokuwa, mlafi na mchokozi, na hakuna aliyekuwa amemtaja hivyo tangu alipoitwa shujaa. Revelian alisogeza kinasa sauti chake karibu.

Ndipo Mashaka akaanguka. Alilala ubavu kwenye tope, amekumbatia tumbo.

"Afande, nipakie. Nimepigwa tumboni, lakini bado napumua."

Akainuka, akasukuma kitambi mbele, akawa mtu mwingine. "Gari limejaa, kijana. Hakuna nafasi."

Akaanguka tena. "Limejaa nini, afande? Mbona naona friji? Friji nalo limejeruhiwa? Eeh, kweli, lina tobo la risasi hapo kwenye kishikio! Basi liwahisheni hospitali!"

Watu walicheka, kwa kuwa kwenye utani watu hucheka.

"Afande Didas! Mie nina mama yangu Kiwalani. Friji lina mama?"

Kicheko kikakatika. Bi Hamisa alilitazama goti lake la kulia. Miaka yote hiyo alikuwa akilisukumia mlango ule. Aliukumbuka mchele wa Idi, alivyoula na kuusifu kwamba haukuwa na mawe, na kanga aliyojifunga wakati ule ule ilikuwa imetoka kwa Meja yule yule. Alitamani kuivua, lakini ndani hakuwa na kitu cha maana cha kubaki nacho mbele za watu.

"Toka asubuhi niko kando ya njia ya Masaka, huku Uganda," Mashaka aliendelea, kwa sauti ya Twaha, polepole. "Magari yanapita. Naomba maji. Mtani wangu kavunjika mguu, yuko mtaroni pale, ananisikia, hawezi kunifikia. Nakuita wewe, mama. Jua linakuchwa nakuita tu..."

Makofi yalilia. Meja Didas alikuwa amesimama, anapiga makofi na kucheka kuliko wote.

"Wanyamwezi hawa! Si niliwaambia? Huyu bwana ni kichekesho!" Akatoa noti, akainama, akaitia kwenye mfuko wa shati la Twaha. "Haya mtani, umelipwa. Achia kaburi, maiti azikwe."

Mashaka hakuinuka. Mtani akishapewa chake hunyamaza na kutoka kaburini. Ndivyo desturi ilivyo, na kila aliyekuwa uani aliijua. Meja alikuwa mtu wa kuja, lakini kipande hicho cha desturi alikishika vizuri. Alitia noti nyingine.

"Umelipwa, bwana. Au hujui adabu ya utani wenu wenyewe?"

Mashaka alijizoazoa, akapangusa tope kwenye shati bila kumtazama mtu. Aliposimama kwa ule mguu wake mfupi, Twaha hakuwepo tena.

"Umenasa?" Bi Hamisa alimuuliza Revelian.

"Yote, mama."

"Na jina la mwanangu?"

"Na jina." Lakini macho ya kijana yalikuwa kwa Meja.

Bi Hamisa hakwenda grosari kesho yake, wala siku zilizofuata. Aliuza ubuyu wa maji, wa moto kwa jua, watoto wakaonja na kuutema. Wenye friji wengine mtaani walitaka kulipwa kwanza. Kila kitu siku hizi ni biashara. Jioni alikaa kwa Raudha kusikiliza redio, akisubiri habari za mwanawe zitoke, akala alichopewa. Siku ambayo hata Raudha hakupika, Bi Hamisa alijitwisha beseni, akaenda.

Grosarini redio mpya ilikuwa juu ya kaunta. Kilikuwa kipindi cha vichekesho. Bi Hamisa alisimama mlangoni akaisikia sauti ya Mashaka: "Friji nalo limejeruhiwa? Basi liwahisheni hospitali!" Kikafuata kicheko. "Friji lina mama?" Kicheko tena, kirefu, kicheko cha wanawake, kile walichocheka juu ya ubwabwa, kimekatwa kule kikapachikwa huku. Twaha hakutajwa. Afande hakuwa na jina, na vita havikuwepo. Katikati ya kicheko kile alisikia sauti moja ya kizee inayokwama kooni, akaijua kuwa ni yake. Likaingia tangazo la sabuni.

Wanywaji walikuwa wanajipigapiga mapaja. Mmoja alikuwa anafuta machozi.

Meja alipunguza redio. "Umesikia, mama? Tumeruka hewani! Hiyo sasa imehifadhiwa, haipotei milele." Akaliona beseni. Akatabasamu, kwa upole kabisa. "Pita uani, mama, weka tu. Nafasi ipo."

Bi Hamisa alipita katikati ya makreti. Alifungua mlango, akavipanga vifuko vyake juu ya waya, kimoja baada ya kingine, mpaka beseni likawa tupu. Kisha akaurudisha mlango na kuusukuma kwa goti. Haukushika. Akausukuma tena.