Sakafu ya Kahambu

Kabla Kahambu hajapanga duka la vitenge pale mtaani Bwaise, duka lile lilikuwa bwawa lenye paa. Mvua ikinyesha kidogo tu, mtaro unafurika na maji yanaingia bila hodi. Wapangaji waliomtangulia walikimbia mmoja mmoja. Yeye, aliyekwisha kukimbia vita kwao Butembo, hakuwa na nguvu ya kukimbia tena. Akamwaga kifusi, akapandisha sakafu kwa saruji, akajenga kizingiti cha kufika magotini. Vitenge vyake vikakaa vikavu na wateja wakamzoea.

Mkataba ulipokwisha, Mzee Cleopas, mwenye nyumba, alikuja amevaa shati lililopigwa pasi. Mzee huyu hapigi pasi siku ya kazi, kwa hiyo Kahambu alipaswa kuogopa mapema.

"Siwezi kukupa mkataba mwingine, nyabo," alisema, akimwita mama kwa lugha ya pale. "Wewe nabadilisha nyumba yangu bila ruhusa."

"Papa, si ni weye ulisema nijenge? Ulisimama hapa, ukakunywa na soda yangu."

"Nilisema na mudomo. Mkataba nasema ruhusa ni ya barua."

Ingekuwa uongo, angalau angebishana naye. Lakini mkataba ulisema hivyo kweli, na sahihi ya chini ilikuwa ya Kahambu mwenyewe. Mtaa mzima ulijua kuwa mkwe wa mzee analitaka duka, tena alikuwa ameshapita kupima ukuta kwa ajili ya rafu zake za simu. Sheria haikuuliza habari za mkwe.

Kahambu alibembeleza, mbele ya jirani yake Atim aliyekuwa akikaanga mihogo mlangoni. Alipoona kubembeleza hakufui dafu, hasira zikampanda.

"Basi nitaleta nyundo. Nitavunja yote, nikurudishie nyumba yako sawa vile ulinipatia."

Mzee alishtuka. Akaitazama ile sakafu kama mtu aliyetishiwa mwanawe, kisha akamwekea Kahambu mkono begani, mpole kama mchungaji wa kanisa.

"Hapana, nyabo. Usijisumbue. Hiyo ya sakafu nimekusamehe."

"Na duka?"

"Duka utatoka mwisho wa mwezi."

Atim aliacha mihogo iungue. Kahambu alikuwa na matusi ya Kinande, lugha ya kwao, tayari mdomoni, mazito, ya kumtosha mzee na mkwewe. Lakini miaka ya kupanga foleni za wakimbizi, kupewa hiki na kunyimwa kile, ilikuwa imeuzoeza ulimi wake neno moja tu mbele ya mkubwa anayesamehe.

"Aksanti, papa," alisema, akajichukia kabla hajafunga mdomo.