Ng'ombe wa Ukurasa wa Mwisho

Saa mbili asubuhi, akina mama wa kilima cha Gasharu wakishakwenda kuchuma chai, Verediyana alitandika mkeka sebuleni, akawafuta kamasi watoto tisa, akampakata mjukuu wake Gisa, ndipo akafungua kitabu. Kilikuwa kitabu cha karatasi ngumu, chenye wanyama wanne, kila mmoja amefichwa nyuma ya kifuniko cha kufunua: kuku nyuma ya kapu, chura chini ya jani, mbuzi nyuma ya ua, na ng'ombe, kama heshima yake inavyotaka, kwenye ukurasa wa mwisho.

Mkufunzi aliyekileta kutoka wilayani alikuwa amewaeleza walezi namna ya kukitumia. Msiwasomee watoto kama padri altareni. Waacheni washike, wafunue, walie kama mnyama. Mtoto akitaja kitu, rudieni neno lake kwa furaha ili ajue amesikika. Verediyana alikuwa amezaa saba na kulea wa watu wasio na idadi, lakini hakuona vibaya kufundishwa na binti mwenye chunusi. Alifuata kila alichoambiwa.

Wiki ya kwanza kuku alitaga. Mtoto mmoja, Kayirebe, alifunua kapu, akalia kokoko, na yai likadondoka mkekani likiwa bado la moto. Verediyana alilichemsha na kuligawa vipande tisa. Wiki ya pili chura aliruka akajificha nyuma ya mtungi wa maji, ikabidi wamngojee mpaka arudi mwenyewe kwenye jani lake. Mbuzi yeye alitafuna pembe ya kitabu. Akina mama walipokuja mchana waliambiwa yote hayo, na mmoja tu ndiye aliyekuwa na swali: kama mbuzi huyo anaacha samadi, angeomba kidogo kwa ajili ya mboga zake.

Kilichomkosesha Verediyana raha ni mkono wa Gisa. Kila mwezi muuguzi wa zahanati alizungushia mikono ya watoto utepe wa kupimia utapiamlo, na kila mwezi utepe wa Gisa uliishia kwenye rangi nyekundu. Alikuwa na miaka miwili na nusu, na bado alitembea kwa kushika ukuta. Wenzake karibu wote walikuwa kwenye njano. Nyekundu ilikuwa yake peke yake.

"Mtoto anapata kikombe cha maziwa kila siku ya Mungu, na bado yuko hivi?" muuguzi alimuuliza Beyata, binti yake Verediyana na mama yake Gisa, mbele ya foleni nzima. "Ukifika naye nyumbani unampa nini, changarawe?"

Beyata aliinamisha kichwa. Mumewe alikuwa ameshatoa neno: utepe ukiwa mwekundu mara moja zaidi, Gisa atapelekwa Cyangugu kwa mama mkwe, akalelewe na mtu anayejua kulea. Siku ya kupimwa ilikuwa imebakiza siku nane.

Maziwa yenyewe yaliletwa na Anastazi, mwenyekiti wa kamati ya lishe na binamu yake Verediyana, mtu wa safu ya mbele kanisani. Aliyafuata mwenyewe kituo cha maziwa kwa baiskeli na kuyaleta yakiwa yameshachemshwa, ndani ya mtungi wa alumini unaong'aa. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuyaonja. Gasharu mtu mzima hagusi maziwa ya mtoto kwa mdomo. Ukinywa kwenye kikombe chake umemnyang'anya kimo chake, na hata tone likikuangukia kidoleni unalipangusa kwenye majani, hulirambi. Verediyana alikuwa amemimina maziwa hayo miaka mitatu na hakuwahi kujua ladha yake.

Alhamisi wakafika kwenye ukurasa wa mwisho. Ilikuwa imewachukua mwezi mzima, maana watoto wa umri ule hawana haraka na kitabu, na mbuzi peke yake alikula wiki mbili. Gisa ndiye aliyefunua lango la zizi. Akasema mbuu, na ng'ombe akatoa kichwa, kisha mabega. Pembe zilikuwa ndefu zikakwaruza dari, kwa hiyo alibaki miguu ya nyuma kitabuni na ya mbele mkekani. Alikuwa wa kahawia. Verediyana akamwita Gaju, kwa sababu ng'ombe hakamuliwi bila jina, akakigeuza kitabu ubavu ili kiwele kimfikie vizuri, akakamua sufuria nzima. Akachemsha, akapoza, akajaza vikombe tisa.

Gisa alionja, akakunja uso, akatema.

"Siyo," alisema.

Kayirebe naye alitema. Wawili wakaanza kulia. Mmoja alikisukuma kikombe kwa mikono yote miwili, akanyoosha kidole pembeni, kwenye mtungi wa Anastazi.

"Maziwa," alisema Kayirebe.

Verediyana aliwamiminia ya mtungini ili wanyamaze. Wakanywa mpaka mwisho na kujifuta midomo kwa mikono. "Maziwa," alisema Gisa, ameridhika. "Maziwa!" Verediyana akarudia kwa furaha kama alivyofundishwa, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Akakitazama kikombe cha Gisa. Kulikuwa na funda moja lililobaki. Akachungulia mlangoni, kisha akalinywa.

Yalikuwa maji. Maji ambayo maziwa yalikuwa yamepita karibu yake, yakatiwa weupe kwa unga wa muhogo. Unga wenyewe ulikuwa umetuama chini, akaukuta ulimini.

Akakaa chini palepale kati ya watoto. Miaka mitatu. Aliwakumbuka wote waliopita kwenye mkeka ule, mmoja mmoja, na miguu yao myembamba. Walikuwa wameletwa kwake ili wakue, na yeye amewanywesha kwa mkono wake mwenyewe, huku akiwaimbia. Alitaka kupiga yowe, lakini watoto walikuwa wameanza kusinzia. Gaju alimlamba bega, akarudi zizini mwake.

Beyata alipokuja mchana aliambiwa.

"Mama, umeonja?"

"Nimeonja."

"Kikombe cha Gisa?"

"Cha Gisa."

Beyata akaanza kulia, na Verediyana hakuweza kujua analilia lipi.

Jumamosi, baada ya kazi ya pamoja ya kuzibua mitaro, watu wote walibaki kwenye mkutano, wameegemea majembe. Verediyana alikuja na kitabu kwapani na kikombe cha maziwa ya Anastazi mkononi. Alifunua lango, Gaju akatoka nusu. Wanaume walimzunguka wakazisifu pembe, na mmoja akasema ni uzao mzuri, ila kitabu hicho kisiachwe kwenye unyevu. Kisha Verediyana akasimama akaeleza kila kitu bila kuficha, maana mficha uchi hazai.

Anastazi alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika hata kidogo.

"Dada yangu, nakuheshimu. Lakini umejuaje kwamba ni maji?"

"Nimeyaonja."

Minong'ono ikapita kwenye majembe.

"Kwa hiyo umekunywa maziwa ya watoto."

"Nimekunywa maji, Anastazi!"

"Kwenye kikombe cha nani?"

"Cha mjukuu wangu."

Anastazi akawageukia watu, amefungua viganja. "Mmemsikia wenyewe. Halafu tunajiuliza kwa nini mkono wa yule mtoto ni mwekundu."

Verediyana alihisi amepigwa kofi. Aliangalia uso mmoja baada ya mwingine, akaona wanamwamini Anastazi, au wanataka kumwamini, na kwake yalikuwa mamoja. Akakinyanyua kikombe. "Basi onjeni! Nani ana ulimi hapa? Muonje mseme!"

Kikombe kikapita mkono kwa mkono. Kila mtu alikitazama ndani, na kila mtu aliona unga chini. Muuguzi alikinusa, akasema ana mafua. Mwisho kikamfikia Beyata.

Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake. Beyata alikishika kwa mikono miwili. Funda moja tu, na angejua kwamba hakuwahi kumnyima mwanawe kitu. Funda hilohilo, na angekuwa mama aliyenywa maziwa ya mwanawe mbele ya kilima kizima. Alikipandisha mpaka kidevuni. Mumewe akakohoa. Beyata akakipitisha kwa jirani, na jirani akamwaga kilichomo kwenye majani.

Mkutano ulikata shauri juu ya mambo mawili. Kwanza, Verediyana asiachwe tena peke yake na vikombe; Perepetuwa wa kamati atakuwa anakaa mlangoni. Pili, ng'ombe hawezi kukaa bila mwenyewe, wala hawezi kukaa kwenye nyumba yenye tabia hiyo. Anastazi alikuwa na zizi. Akaukata ukurasa wa mwisho kwa rula, taratibu, asije akamjeruhi Gaju, akaufunga kwenye baiskeli.

Siku ya kupimwa utepe ulionyesha nyekundu. Muuguzi aliandika bila kunyanyua macho.

Asubuhi ya mwisho, begi la Gisa likiwa tayari limefungwa mlangoni, Verediyana alitandika mkeka kama kawaida. Walifunua kuku, wakafunua chura, wakafunua mbuzi. Gisa akafunua zaidi, akakuta jalada tupu. Akalipapasa kwa kiganja.

"Mbuu," alisema.

Kutoka zizini kwa Anastazi, juu kabisa ya kilima, Gaju alimjibu.

Perepetuwa akamimina vikombe tisa. Gisa alikunywa chake, akabakisha funda, akamnyooshea bibi yake kikombe kama watoto wafanyavyo wanapopenda mtu.

"Maziwa," alimwambia.

"Maji," alisema Verediyana kwa sauti ya chini. "Sema maji, mjukuu wangu."

Gisa alitikisa kichwa. Alimsogelea zaidi, akamwonyesha ndani ya kikombe kwa kidole, polepole, kama mtu anayemfundisha mwingine.

"Maziwa."

"Bibi, rudia neno la mtoto," Perepetuwa alisema kutoka mlangoni, bila ubaya wowote. "Si ndivyo tulivyofundishwa?"

Verediyana akarudia, na watoto wote tisa wakapiga makofi.