Ngozi ya Sadallah

Sadallah alikuwa kuli wa bandarini, jitu la kubeba gunia huku likipiga mluzi. Lakini mwaka ule wa ndui, vita vya Hitla vikielekea ukingoni, alipita vichochoro vyote vya Temeke ili tu asionane na mwanamke muuza mihogo.

Mwanamke huyo ni Mauwa, Mzaramo. Sadallah ni Mnyamwezi. Watani, basi. Zamani kila asubuhi alimnyang'anya kipande cha muhogo kikaangoni na kumwambia ana sura ya papa mkavu, naye Mauwa alimjibu kwamba Wanyamwezi walileta pembe pwani, akili wakazisahau njiani. Hakuna kununa.

Sasa Mauwa ametoka karantini. Magamba ya ndui yamedondoka yote, na Bwana Afya kasema hawezi tena kumwambukiza mtu. Uso umebaki na mashimo. Mihogo inapoa kibarazani, watu wanapita mbali wameziba pua.

Sadallah alikuwa na chanjo. Ila chanjo ilikaa begani, woga ulikaa tumboni, wala havikujuana.

Jumamosi kichochoro kikamtoa nyuma ya nyumba anayopanga Mauwa, akakuta kelele. Kitanda cha Mauwa kimetupwa nje, na mwenye nyumba, Mzee Pazi, anamfukuza kwa ncha ya fimbo.

"Utatumaliza, mwanangu. Ondoka."

"Niende wapi, baba?" Mauwa akageuka, akamwona Sadallah nyuma ya ua. "Mtani! Hata wewe hunitukani?"

Kumtukana akiwa mbali kungekuwa tusi kweli; mtani hunyang'anya. Akasogea, miguu kama ya kuazima, akampokonya kipande cha muhogo alichokuwa amekishika.

"Mzaramo wewe, hata ndui imekuonja ikakutema!"

Akatafuna. Ulikuwa kama udongo mdomoni. Mtu akapiga yowe.

"Mlafi mkubwa!" Mauwa alisema, machozi yakimtoka.

Mzee Pazi akashusha fimbo. "Haya. Lala kibarazani kwanza. Huyu asipougua, utakaa. Akiugua, nyote nje."

Tangu hapo ngozi ya Sadallah ikawa mali ya mtaa. Jirani yao Genoveva alimsimamisha njiani: "Geuka, kaka, nione shingo." Naye aligeuka kwa madaha, akicheza ngoma kidogo. Alfajiri peke yake alijipapasa mwili mzima, akihesabu hata alama za mbu.

Halafu siku moja, vipele kifuani.

Akafunga vifungo vya shati mpaka kooni, na jua lile la Temeke! Hilo ndilo lililomchongea.

"Fungua shati," Genoveva alisema.

Alipofungua, watu walirudi nyuma kama wimbi. Mauwa akaacha kikaango, akaja akainama, akaviminya kimoja kimoja kwa kidole.

"Homa ulipata?"

"Hapana."

"Mgongo ulikuuma kama unavunjwa?"

"Hapana, mtani. Nakufa?"

"Unanuka. Harara ya jasho tu hii. Kaoge, Mnyamwezi."

Hakuna aliyecheka. Wakasubiri. Sadallah akaoga mpaka akachubuka, hakulala. Vipele vikafifia, kisha vikaisha, na kitanda cha Mauwa kikarudishwa ndani.

Wa kwanza kuja kununua ni Genoveva, kanyoosha sahani kwa mkono mrefu kama anamlisha mamba. Mauwa akaipokea. Sadallah, pembeni, akakohoa makusudi.

Genoveva akatimka, sahani akaiacha.

Akasimama kwenye kona, anahema. Sahani yenyewe ya harusi, ya maua. Akaitazama mikononi mwa Mauwa, akautazama uso ule wenye mashimo. Akarudi polepole, akaishika. Vidole vyao vikagusana.

"Ongeza na chumvi, dada," akasema.